Vichwa Vinavyosubiri Lori

Lori lenyewe halijatoka. Nianze na hilo, maana watu wakiisikia habari hii hudhani nilikuwa na lori. Nilikuwa na picha yake tu kwenye simu: lori la kijeshi la plastiki, la kuunganisha mwenyewe kwa gundi, ambalo likikamilika linaenea juu ya sahani ya wali. Kiwanda cha huko ng'ambo kilitangaza kwamba linakuja, pamoja na wanajeshi wa kupanda nyuma. Kila asubuhi, kabla sijafungua karakana yangu ya makochi hapa Moshono, nilifungua kwanza simu kuangalia kama limeshatoka. Halijatoka. Saa ya chai naangalia tena, kana kwamba wazungu wale wamefanya haraka kwa ajili yangu.

Mtu mzima, darasa la saba, ana mke na madeni ya kawaida, anasubiri lori la kuchezea. Sina utetezi.

Ugonjwa huu nililetewa. Rafiki yangu dereva wa watalii aliachiwa boksi na mgeni aliyekuwa anapunguza mizigo. Alipolifungua akaona vipande vitupu, akadhani ni kitu kimevunjika, akaniletea mimi fundi nikitengeneze. Kilikuwa kifaru. Nilikitengeneza, mzinga ukaganda ukitazama nyuma, kwa sababu nilitia gundi mahali pasipotakiwa gundi. Kwa haki niseme maelezo ya kwenye boksi yalikuwa wazi kabisa.

Lakini magari hayanishindi sana. Kinachonishinda ni watu. Mwanajeshi mmoja hafiki kidole gumba changu, na kichwa chake ni kama punje ya njegere. Humo unatakiwa upake macho. Kila niliyempaka alifanana na mtu aliyeamshwa na mbwa. Basi nikaona, kwa kuwa lori linakuja na watu wake, nijizoeze mapema, wasije wakanikuta sijui kitu. Rafiki yangu akanitafutia boksi la wanajeshi peke yao, na mimi nikaanza na vichwa.

Kichwa kidogo namna ile hukishiki kwa vidole. Wenzangu wa kwenye video wana vishikio vyao maalumu. Mimi nilikuwa na vijiti vya kuchokolea meno, na nyuma ya nyumba palikuwa na mgomba tulioukata baada ya kuvuna mkungu. Nikakata kipande cha mgomba kama urefu wa mkono, nikachomeka vijiti, na juu ya kila kijiti kichwa. Mgomba ni laini, unashika vizuri. Nilijisifu siku nzima. Sasa hivi hata sielewi nilikuwa najisifia nini.

Mimi ni Mchaga. Mke wangu ni Mmeru wa kule Makumira, na ana uvumilivu. Ombi lake lilikuwa moja tu. Tulikuwa tumehamia mtaa huu karibuni, na jumuiya yetu, yaani familia za Kilutheri za mtaani zinazosali nyumba kwa nyumba Jumamosi asubuhi, ilikuwa bado haijafika kwetu. Ndani ya jumuiya kuna mama mmoja jirani yetu, Mmeru mwenzake, mtu mzima, ambaye akila kwako mtaa mzima unakula kwako. Asipokula, unasalimiwa tu. Mimi ananiita mkwe, kwa kuwa nimeoa binti wa kwao. Mke wangu alitaka yule mama anywe chai nyumbani kwake. Basi.

Jumamosi yetu ilipofika aliniambia niondoe mambo yangu mezani. Niliyaondoa. Miili nikaifungia kabatini, na mgomba wenye vichwa nikauweka juu ya friji, rangi ikauke. Katikati ya sala ya mwisho yule mama alifumbua macho akaviona. Najua alifumbua kwa sababu na mimi nilikuwa nimefumbua.

Baada ya amina akasema taratibu, "Mkwe, vile vichwa ni vya akina nani?"

"Vya wanajeshi, mama."

"Miili yao iko wapi?"

"Nimeifungia kabatini."

Yule mama akatazama tena juu ya friji.

"Na pale juu ya mgomba wanafanya nini?"

"Wanakauka," nikasema. Nikaona haitoshi, nikaongeza, "Wanasubiri lori."

"Lori la nani?"

"Bado halijatengenezwa."

Mtu mmoja akasogeza kiti chake. Simlaumu. Ningekuwa mgeni mimi, ningesogeza mpaka nje.

Mwenyekiti wa jumuiya, mzee mpole, akaomba nieleze vizuri. Nikaeleza vibaya, lakini wakaelewa kwamba ni vitu vya kuchezea vya plastiki na kwamba siviuzi.

"Mchaga na kitu kisichouzwa," yule mama akasema. "Hapo ndipo ninapoogopa."

Watu wakacheka sana, na ninaamini mambo yalikuwa yameisha. Mke wangu akaleta chai. Yule mama alikitazama kikombe chake kwa muda kabla ya kukigusa. Pengine chai ilikuwa ya moto tu. Mpaka leo sijui. Ila mimi nimekulia Kilimanjaro, na kwetu anayekukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, huonja kwanza yeye ndipo akupe, ujue haina kitu. Ni adabu. Nikainuka, nikachukua kikombe cha yule mama, nikapiga funda moja, nikamrudishia kwa mikono miwili.

Chai si mbege. Hakuna aliyekuwa ametaja sumu mpaka nilipoitaja mimi kwa midomo yangu.

"Kwani nani amesema humu kuna kitu?" yule mama akauliza. Akakisukuma kikombe, akajifunga kanga vizuri, akasema ameacha maharage jikoni. Wengine walikunywa, lakini walikunywa kama watu wanaowahi basi.

Mke wangu hakunigombeza. Alikiosha kile kikombe peke yake, akasema, "Ilibaki kidogo tu utulie."

Toka siku hiyo yule mama akawa anamsalimia mke wangu kwa juu juu na kupita. Mke wangu akaacha kuzungumzia jumuiya. Nilifikiri kuvitupa vile vichwa chooni, nikaona watu watasema nimeficha. Kwenye simu, kiwanda kikatangaza kwamba lori limesogezwa mbele. Sikusikitika kama nilivyotegemea.

Mwishowe nikakata kipande kipya cha mgomba, nikachomeka vichwa vyote, nikaubeba mchana kweupe, kila mtu aone. Nilimkuta yule mama barazani kwake anapukuchua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenijia na majeshi?"

Nikamwambia siku ile nilidhani namheshimu.

"Nimekaa nikijiuliza," akasema, huku mikono inaendelea na maharage. "Mkwe alidhani namwona mchawi, au alinifanya mke wake? Kikombe kimoja."

Mkwe na mama mkwe kunywea kikombe kimoja ni mwiko, na hilo hata sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimekosea mara mbili kwa funda moja.

"Lete nione."

Akavaa miwani yake ya kusomea, akasogeza mgomba karibu na pua.

"Huyu ana makengeza."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu amefiwa."

"Huyo nilitaka awe anacheka."

Akavua miwani. Alicheka mpaka akajifuta kwa kanga. "Mchawi gani huyu, jicho tu limemshinda. Na lori lao?"

"Limesogezwa mbele."

"Wenyewe wameambiwa?"

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alibisha hodi kwetu peke yake. Mke wangu alinionya nikalie mikono yangu, na nikaikalia kweli, mmoja kila upande. Chai ikamiminwa. Yule mama akainua kikombe, akapuliza, halafu akaanza kulalamikia urefu wa mahubiri, kikombe kikiwa hewani. Mimi na mke wangu tulikuwa tunakitazama kikombe, hatusikii mahubiri. Akanywa. Akanywa tena, mpaka nusu, kisha akamnyooshea mke wangu kikombe.

"Mwanangu, sukari umeninyima."

Mke wangu akaenda jikoni kufuata sukari, akakaa huko muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.