Majina Tuliyowapa Wafu wa Jangwani

Juzi nilipita mjini Kamembe kununua rangi ya nyumba, na mwenye duka akanibwagia mezani brashi ndogo ya nywele laini. Kuishika tu, machozi yakanitoka. Hebu fikiria, mtu mzima kama mimi nalia mbele ya makopo ya rangi! Ilikuwa brashi kama zile za Babu.

Babu alikuwa kaka yake nyanya. Nyanya ndiye aliyenilea huku kijijini Nyakarenzo, baada ya ukoo wetu kurudi kutoka Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Babu yeye alikuwa amepotelea mbali zaidi. Alisomea akiolojia Ulaya, akamaliza ujana wake wote Sahara, akifukua makaburi ya watu waliofuga ng'ombe huko zamani sana, kabla majani hayajakauka. Alipostaafu akaja kuishi kwa dada yake na sanduku la picha na brashi zake. Majirani walimheshimu, ila habari ya ng'ombe jangwani waliiona ni maneno ya mtu aliyepigwa na jua mno.

Kazi yake alitufundisha sisi wajukuu katika shamba la maharage. Ardhi ikishachimbwa, alisema, hairudi kuwa ile ile. Imwagie maji kidogo utaona rangi zimeachana. Basi tulimwaga maji, tukapiga brashi, tukaokota vigae vya vyungu, huku harufu ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga ikitujia kutoka jikoni. Nyanya hakuacha kumtania hata kidogo. "Masomo yote ile ya kuchimba, na mustari moja ya maharage inakushinda!" Babu alicheka mpaka miwani ikaanguka.

Kicheko kile kiliisha siku jirani yetu alipokuja. Mama huyo alimpoteza mwanawe mdogo katika jenoside, yale mauaji ya kimbari, na hakuwa amemzika. Sasa mtu mmoja aliyekuwa gerezani kwa mauaji hayo alikuwa ametaja mahali alipofukiwa, mteremkoni chini ya mikaratusi, na mama aliogopa majembe yasije yakamvunja mtoto. "Mzee, ni weye unajua kushika mifupa polepole," alimwambia Babu. Babu akamwahidi kumrudishia mwanawe mzima, mfupa kwa mfupa, kama alivyozoea kule ambako mchanga mkavu huwatunza watu maelfu ya miaka. Hapo ndipo alipokosea. Udongo wetu ni wa mvua, unakula.

Tulisimama juu ya mteremko pamoja na majirani na viongozi wa mtaa. Babu alipiga magoti asubuhi nzima. Kilichotoka ni meno machache, na ndala ndogo ya plastiki ambayo ukanda wake ulikuwa umechomelewa kwa kisu cha moto. Mama aliitambua, maana aliichomelea mwenyewe. Ndipo Babu, kwa mazoea ya kazi yake tu, akatoa mfukoni kikaratasi chenye namba na uzi, akainama kukifunga kwenye ndala.

Mama akamshika mkono. "Hapana, Mzee. Usimupatie numero. Mutoto yangu iko na jina." Akalitaja kwa sauti, mteremko mzima ukasikia. Kisha akauliza taratibu, bila ubaya wowote: "Na bale ba kwako ba jangwa, bamama yabo balibaita nani?"

Babu akakirudisha kikaratasi mfukoni. Mtoto alizikwa kwa heshima na kwa jina lake, lakini lile swali lilirudi nyumbani pamoja nasi. Babu akaacha kula vizuri. Alifungua sanduku, akaanza kutuonyesha picha za wale watu wake, mifupa iliyolala kiubavu imejikunja, kila mmoja na namba yake, ambao sasa wamelala kwenye makabati ya makumbusho ya Ulaya. Akatuomba tuwape majina. Sisi tulidhani ni mchezo. Tukawapa majina ya marafiki zetu, ya wachezaji mpira, ya ng'ombe. Mmoja alikuwa mtoto, pengine rika langu, ameshika ushanga. Nilimpa jina la ndama wetu niliyempenda kuliko wote.

Nyanya alichukia kweli. "Ukiita muntu, atakuja," alimwonya.

"Acha bakuje," Babu akajibu.

Tangu hapo niliogopa kupita barazani kwake peke yangu, hata mchana. Mara nyingine nilimkuta anaongea na kiti kitupu, akiomba radhi.

Alipofariki, tulikuta makaburini wachimba kaburi wamechomeka kijiti chenye namba ya shimo lake. Yule mama jirani yetu alikiendea na fimbo yake, akaking'oa na kukitupa majanini. Hakuna aliyethubutu kumkataza.

Leo mikaratusi imekatwa, mama yule naye ametangulia, na nyumba ya nyanya ina watu wengine. Sanduku la picha sijui liliishia wapi. Wanasema Babu aliacha vitabu ambavyo vinasomwa mpaka leo vyuoni. Mimi nimeachiwa lile jina la ndama, na silitamki. Naogopa yule mtoto ataitika, aje asimame mlangoni kwangu, na mama yake nitamtoa wapi?