Kopo la Kumi na Moja

Mbio zile zilitugharimu pedeli moja, jozi ya raba za breki, kitambaa kimoja cha manjano, na mtu mmoja ambaye mpaka leo sijui nimwandike upande wa waliorudi au upande wa waliobaki. Nimehesabu mara mbili. Kusema kweli nimehesabu kila mwaka tangu wakati ule, na jibu linakataa kutulia.

Nisingekusumbua na habari hii, rafiki yangu, kama mwezi uliopita nisingepanda tena vilima vya juu ya Ruziba. Nilikwenda kutafuta maharage kwa bei ya shambani. Mwenye pikipiki alitaka nauli ya mgeni. Nikamwambia mimi ni wa Buyenzi, mtaa wa hapa mjini, akashusha bei bila kubishana, jambo lililonitia wasiwasi. Tulipofika kona ya kwanza, penye jiwe pana kama meza, nikamwambia asimame. Juu ya jiwe palikuwa na kopo la tomati limejaa maji, limefunikwa kwa kipande cha jani la mgomba.

"Ile kopo ni ya nani?" nikamuuliza.

"Mama, mi napita hapa kila siku," alisema bila kuzima injini. "Kuuliza, apana. Siulizaka."

Inabidi nikurudishe nyuma, maana bila hivyo kopo ni kopo tu.

Jirani yetu Buyenzi alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilinuka grisi na raba iliyoungua, na asubuhi yote ilikuwa nyundo yake na redio yake zikishindana. Kila Idi pili, kabla ya vita, fundi aliandaa mbio. Waendeshaji walitoka Buyenzi, wakapita Kinindo kati ya kuta ndefu za watu wenye magari, wakafuata barabara ya ziwa mpaka Ruziba, kisha wakakata kushoto na kuanza kupanda. Vijia vya udongo mwekundu, mlima baada ya mlima, mpaka jiwe la tatu lililo juu kabisa, halafu kurudi kwa njia ileile. Fundi alisema ni kilomita sitini. Mimi nasema hakuwahi kuzipima.

Mawe yalikuwa matatu njiani, na kwenye kila jiwe wanawake wa kilimani walipanga makopo ya maji, moja kwa kila mwendeshaji. Walituma mtoto mapema awahesabu waendeshaji wakiwa chini, kwa hiyo hawakukosea. Ukifika, unakunywa, unapindua kopo lako mdomo chini. Hiyo ndiyo asante. Anayeshindwa na safari anafungua kitambaa chake cha manjano mkononi na kukifunga kwenye mti uliosimikwa kando ya jiwe, maana yake: msinisubiri. Na kopo lililobaki limesimama wima lilikuwa na maana moja tu: mtu wake bado yuko njiani. Kuangalia yote hayo ilikuwa kazi ya mwendeshaji wa mwisho, tuliyemwita mkia. Mkia ndiye mwenye idadi.

Vita vilipoanza mbio zikafa. Mwaka wa saba wa vita, fundi akaamka siku moja akasema Idi pili hii tunakwenda. Watu wakamwambia ana wazimu. Akasema mkubwa wa barieri, kizuizi cha askari kilichoko chini ya vilima, ni mteja wake, amemtengenezea baiskeli mara tatu, na amemruhusu mpaka saa sita mchana. Wakajitokeza kumi, fundi mwenyewe akiwemo. Wote walitaka kushinda, hakuna aliyetaka kuwa mkia. Nilikuwa na miaka kumi na minne na baiskeli iliyonizidi kimo. Nikaenda kwa fundi, tukapatana: raba mpya za breki, na asiniulize nimepata wapi suruali.

Shida ilikuwa bibi yangu. Bibi alituhesabu kila jioni kabla ya kufunga mlango, saa ya kutotoka nje ilipokaribia. Kwanza kwa macho, halafu kwa kutugusa vichwa. "Ya kwanza yangu," alikuwa akisema, "ya pili ya Mungu." Tabia hii niliyo nayo sikuiokota barabarani. Alikata vitambaa kumi na moja kutoka kitenge chake cha manjano, akavipinda ncha kwa uzi mwekundu, akanikabidhi. "Kumi na moja wanatoka. Kumi na moja nataka kuviona. Sitaki hadithi."

Barieri ilikuwa kamba iliyofungwa kati ya mapipa mawili. Askari alituhesabu kwa ncha ya kalamu, akaandika kwenye daftari. "Kumi na moja," akasema. "Wakirudi kumi na mbili, yule wa kumi na mbili si wenu."

Hakuna aliyemuuliza ana maana gani. Tulijua. Watu wa vilima vile walikuwa wameondolewa kwa amri, wakakusanywa kambini, na vilima vikaachwa vitupu. Aliyekutwa kule juu hakuulizwa jina.

Basi tukapanda. Sijui kama umewahi kupita mahali palipozoea watu halafu hawapo. Milango ilikuwa wazi. Ndizi zilikuwa zimeivia kwenye migomba na kuanguka zenyewe, hewa yote ilikuwa tamu kama pombe, na nzi ndio waliokuwa wanakula Idi. Hapakuwa na jogoo, hapakuwa na jembe. Mbwa mmoja alikaa mbele ya nyumba akatutazama tukipita, bila kubweka, kama mtu aliyeambiwa anyamaze. Maharage yalikuwa yamekauka shambani bila mvunaji, na jua lilipopanda maganda yakaanza kupasuka: ta, ta-ta, huku, kisha kule, kama mtu anayetembea kwa tahadhari kando yako. Kila nikigeuka ni maharage tu. Nikaacha kugeuka.

Kwenye jiwe la kwanza niliwakuta wenzangu wamesimama. Hakuna aliyeshuka kwenye baiskeli.

Makopo yalikuwa yamepangwa. Kumi na moja. Maji safi, jani la mgomba juu ya kila kopo, na majani yalikuwa mabichi, yanatoa utomvu bado.

"Nani kaweka?" mwalimu wa shule yetu aliuliza. Alikuwa mtu mnene, mwenye mizaha, na pedeli zake zilimvumilia kwa sababu ya kuheshimu elimu tu.

"Maji ni maji," fundi akasema. "Bismillahi." Akanywa, akapindua kopo. Tukanywa wote. Yalikuwa baridi, yametekwa muda si mrefu.

Hatukufika mbali. Pedeli ya mwalimu ikakatika, yeye akakaa mtaroni akicheka. "Endeni, endeni, mi naenda kula sambusa zenu." Akarudi kwa miguu mpaka kwenye jiwe, nikamwona kwa mbali akifunga kitambaa chake kwenye mti. Tukabaki kumi.

Jiwe la pili lilikuwa mlima mzima juu yake. Nilipofika, makopo tisa yalikuwa yamepinduliwa na langu limesimama. Tisa na moja. Nikahesabu tena. Kumi. Mtu alituona tukiwa kumi na moja, akatuona tunabaki kumi, akatutangulia kwa njia asiyoijua mwingine, akaondoa kopo moja. Nilikunywa nimefumba macho.

Kwenye jiwe la tatu, kule juu ambako ziwa zima linaonekana na milima ya Kongo kama moshi, wenzangu walikuwa wameshageuza baiskeli. Hawakutaka kukaa. Fundi alinipigia kelele nikiwa bado napanda: "Kunywa haraka, mkia, twende!" Makopo tisa yamepinduliwa. Mawili yamesimama.

Nilikunywa langu. Lile lingine likabaki, limejaa mpaka ukingoni, maji hayatikisiki. Sheria ya mkia naijua: kopo limesimama, mtu yuko njiani, msubiri. Lakini wenzangu wote nilikuwa nimewahesabu, na wote walikuwa mbele yangu. Ta, ta-ta, yakasema maharage. Nikaliacha kopo, nikapanda baiskeli. Ndiyo mara ya pekee nimeondoka mahali hesabu ikiwa haijafungwa.

Tulishuka kwa kasi mpaka raba zangu mpya zikaanza kunuka. Nilipopita jiwe la kwanza nikatupa jicho kwenye mti. Kitambaa cha mwalimu hakikuwepo.

Halafu nikasikia mnyororo wa baiskeli nyuma yangu.

Rafiki yangu, mimi ndiye nilikuwa wa mwisho. Nyuma ya mkia hakuna mtu. Mnyororo ulilia kidogo, ukasogea, ukawa ubavuni mwangu. Msichana wa rika langu, amefunga kichwa kama mimi, juu ya baiskeli kubwa ya kiume isiyo na breki. Alikuwa amepitisha mguu chini ya chuma cha katikati, na alipotaka kupunguza mwendo alikandamiza tairi kwa unyayo mtupu. Mkononi alikuwa na kitambaa cha manjano chenye uzi mwekundu. Hakunitazama. Alinipita, akajipenyeza katikati ya wenzangu, akatulia pale kama aliyetoka nao Buyenzi.

Niliona fundi akigeuza kichwa, akimtazama, kisha akitazama mbele tena. Aliyekuwa karibu naye akanong'ona, "Yule nani?"

"Kanyaga," fundi akasema. "Wewe kanyaga tu."

Chini kukaonekana mapipa na kamba, na hapo ndipo nilipokumbuka. Mwalimu. Kama alipita barieri hii akasema pedeli imekatika, askari atakuwa amemkata kwenye daftari, na anasubiri kumi. Kama alikata kwa njia ya miguu ya wavuvi moja kwa moja mpaka Ruziba, askari bado anasubiri kumi na moja. Kumi, msichana yule hafiki popote, na sisi pengine pamoja naye. Kumi na moja, sote tunakula sambusa. Sikuwa na namna ya kujua, na mwenye idadi ni mkia.

"Mko wangapi?" askari akauliza.

Fundi alinitazama. Wote walinitazama, isipokuwa yule msichana. Yeye alitazama usukani wake. Sasa, nimekulia sokoni. Mwenye duka akikuuliza utatoa ngapi, hujibu. Unamwacha ataje yeye.

"We umeandika wangapi, afande?"

"Mimi ndiye nauliza."

"Nakuuliza maana mi nilihesabu mara mbili, sitaki daftari yako inikosee."

Mmoja wa askari akacheka. Mwenye daftari hakucheka. Alifungua daftari, akapitisha kidole, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. "Kumi na moja."

"Basi hesabu, afande. Kwa sauti."

Akahesabu kwa kalamu. Alipofika kwa msichana, kalamu ilisimama. Sijui ni baiskeli au ni miguu yake mitupu yenye udongo wa kilimani. Nikapaza sauti, nikaendelea kabla yake, nikimgusa kila mmoja kichwani kama bibi: "Sita, saba, nane..." Kichwa cha msichana kilikuwa cha moto. Nikamaliza, nikaanza upya tangu mwanzo. "Kumi na moja. Mara mbili."

"Huyu mutoto atakuwa mwanasheria," askari akasema, akashusha kamba.

Tukakanyaga Ruziba yote. Tulipofika Kinindo, kati ya zile kuta ndefu, msichana akapunguza mwendo mpaka akawa ubavuni mwangu. Sauti yake ilikuwa kavu kama ya mtu ambaye hajazungumza siku nyingi.

"Mi niliwahesabu tangu asubuhi," akasema. "Ulikunywa yako yote."

Kisha akakata njia ya kuelekea ziwani, chini ya miti, na nilipofika kwenye kona hapakuwa na mtu wala alama ya tairi. Nilisimama nikasikiliza mnyororo. Nilisikia jenereta ya mtu.

Buyenzi mwalimu alikuwa keshafika, kwa njia ya wavuvi na lori la dagaa, ana mafuta ya sambusa mpaka kwenye kidevu. Bibi akatuhesabu kwa macho, akatuhesabu kwa mkono: kumi na moja. Akahesabu vitambaa: kumi. Nilisubiri kipigo. Akavikunja vile kumi, akaviweka, na hakuuliza tena mpaka alipofariki. Fundi naye hakuandaa mbio nyingine. Mara moja tu, miaka baadaye, akiwa anaziba tairi langu, alisema bila kuinua uso, "Kule juu, kopo lile ulilipindua?" Nikamwambia hapana. Akaendelea kusugua raba.

Kibanda chake leo kinauza simu. Bibi hayupo, mwalimu hayupo, barieri imekuwa genge la nyanya, na vilima vina watu tena: kuna jogoo, kuna majembe, watoto wananiita mama. Hakuna niliyemuuliza aliyewahi kusikia habari za mbio wala za mawe.

Lakini kwenye kona ya kwanza, siku ile ya pikipiki, nilishuka nikasogea karibu. Kando ya jiwe ule mti umesimikwa upya, na juu yake kimefungwa kitambaa cha manjano kilichofifia mpaka kukaribia weupe. Niligeuza ncha yake. Uzi mwekundu. Mshono wa bibi yangu naujua hata gizani.

Sasa fikiri nami, maana mimi nimefikiri mara mbili na nimechoka. Kitambaa juu ya mti kinasema: msinisubiri. Kopo lililosimama limejaa linasema: bado nakusubiri. Jani lililolifunika lilikuwa bichi, linatoa utomvu. Sikunywa, sikupindua, nilipanda pikipiki na hata maharage sikununua. Mwenye pikipiki anasema kesho anapita tena, kwa bei ileile. Niambie wewe, kwa kuwa hesabu si yako: nikifika pale, ninywe, au nifungue kitambaa nikirudishe nyumbani, viwe kumi na moja?