Kosa la Chupa na Konokono wa Bahari ya Barafu

Siku ya kwanza kazini, kwenye maabara ya viumbe wa bahari, nilivaa viatu vya visigino, nikatoka nyumbani Nguvumali najiona mtu wa ofisini. Mkuu wa Maabara, mzee mpole wa kijiji cha Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, asiyependa maneno mengi, aliitikia shikamoo yangu, akavitazama viatu, kisha akanisogezea kiti.

"Kazi yetu ni ya kukaa, mwanangu. Hebu weka jicho hapa."

Chini ya hadubini nikaona konokono mdogo kama punje ya ufuta, gamba lake jembamba hata linapitisha mwanga, na mguu wake umegeuka mabawa mawili.

"Huyu hatambai," akasema. "Huogelea kwa mabawa. Ametoka bahari ya barafu, kusini kabisa."

Nikacheka. Mimi nilidhani nimeajiriwa kwa habari za kamba na pweza.

Mkuu ndiye aliyekwenda kuwaleta, kwa meli ya utafiti ya wageni waliompa nafasi moja. Konokono hao ni planktoni, yaani viumbe wanaochukuliwa na mkondo wa maji. Magamba yao ni ya jamii ya chokaa, kama matumbawe yaliyojengewa nyumba za kale za Pangani. Sasa moshi wa viwanda na magari una gesi, na bahari huinywa, maji yakazidi kuwa na asidi, na asidi hula chokaa. Maji baridi huinywa zaidi, kama soda ya baridi inavyoshika gesi yake. Ndiyo maana anayetaka kujua litakalozifika bahari zote huanza kutazama kule kwenye barafu.

Kazi yangu ilikuwa kuwachambua kwa brashi nyembamba mno, mmoja mmoja, bila kuwapumulia. Ukipiga chafya umefanya dhambi. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyomwambia mtu yeyote.

Magamba mengi tuliyoyakuta yalikuwa yametoboka. Mratibu wa Mradi, mtu wa suti na simu mbili, alifurahi kama aliyeposa akakubaliwa. Akawaalika wafadhili na wageni wengine waje wasikie kwamba bahari ya kusini imeanza kula viumbe wake. Mkuu ndiye angesimama kusema. Alikuwa karibu kustaafu, na safari ile ndiyo iliyokuwa kazi kubwa ya maisha yake.

Wiki ya wageni, Mkuu alitaka kulitazama tena gamba moja tulilokwisha kulipiga picha. Akalitazama, akaitazama picha, akarudia. Tundu lilikuwa limepanuka.

"Huyu amekufa siku nyingi, na bahari yake iko mbali," akasema. "Nani anayemla humu?"

Tukachovya karatasi ya litmasi, ya kupimia asidi, kwenye chupa, ikatoka nyekundu. Dawa ya kuhifadhia, formalini, hugeuka asidi usipoitia boraksi, unga mweupe wa kuuzima ule ukali. Siku za mwanzo melini Mkuu alikuwa amelala chali kwa kutapika, na chupa zake nyingi zikafungwa bila boraksi. Zilizopona zilikuwa chache tu, za mwisho wa safari.

Mratibu alikuja juu. "Mkuu, wageni wamekwisha kata tiketi. Na asidi ya baharini si ipo kweli?"

"Ipo. Lakini siwezi kuishtaki bahari kwa kosa la chupa."

Alisimama mbele ya wageni akasema kosa ni lake. Mimi nilikasirika, nikalia chooni kwa ajili ya kazi yangu iliyomwagwa. Leo nikisikia watu wanasifu wakubwa wao, namkumbuka yeye tu. Alistaafu bila sherehe ya maana, akarudi Mwera.

Zile chupa chache zilingoja hadubini bora kwa miaka mingi. Zilisomwa mwaka niliostaafu mimi. Nilivuka mto Pangani kwa pantoni kumpelekea habari mwenyewe, maana mambo ya namna hii hayasemwi kwa simu. Nilimkuta kibarazani, macho yamefifia.

"Yale magamba yana makovu kwa nje, Mkuu," nikamwambia. "Bahari imeyala kweli. Lakini penye kila kovu, kwa ndani, mna tabaka jipya la chokaa. Konokono alikuwa hai, akipiga lipu kwa ndani huku ukuta unaliwa nje."

"Na lipu hiyo anaigharimia kwa kitu gani? Chakula?"

"Chakula, Mkuu. Akikosa, hawezi."

"Basi waambieni watu yote mawili. Anaziba, na ana mwisho wake."

Vijana mnaoingia maabara leo, hivyo ndivyo tulivyofundishwa, kusema yote mawili. Ningeweza kuishia hapo, lakini mzee aliinua ncha ya msuli akafuta uso.

"Zile chupa tulizomwaga," akasema, "kama habari zake zingetangazwa, nani angehangaika kutazama kwa ndani? Miaka yote hii, mwanangu, nilidhani nilikwenda kule bure."