Nilivyoiogopa kengele ya maksai wa jirani wa chama kingine

Wakuu, heshima zenu.

Kuna msimu niliamini kabisa kwamba kengele za ng'ombe zinarekodi mazungumzo. Nasema kweli tupu, chumvi nimeweka ya kuonja tu.

Niliisikia dukani Majengo, wakati wa kampeni. Jamaa alisema chama kile kingine kimewagawia watu wake kengele zenye kifaa ndani. Ng'ombe anazunguka, kifaa kinanasa. Nami, na cheti changu cha shule ya jioni, nikatikisa kichwa kama profesa.

Shida ikaja mvua zilipoanza. Nilikuwa nimefiwa na maksai mmoja, na aliyebaki hawezi kuvuta plau peke yake. Jirani yangu Baba Deo naye ana mmoja. Tusipowaunganisha, hakuna mahindi, na wanangu wanafagia sufuria kama nzige.

Ila Baba Deo ni wa chama kile. Na maksai wake ana kengele. Mpya, inang'aa.

Tukafunga nira. Nikalima kimya, mimi ambaye huongea hata usingizini. Chafya ikija, nageukia pembeni.

"Mbona umemeza ulimi?" akauliza Baba Deo.

Nikamwonyesha mawingu, eti tuwahi kabla ya mvua. Akanitupia jicho la pembeni. Nikajua, huyu anasubiri nijichanganye.

Tulipopumzika, alienda kunawa. Nikachuma majani, nikaanza kuiziba ile kengele.

"Jirani, kengele nayo inakula?"

Alikuwa nyuma yangu. Nikamwambia yote, nikisubiri akane.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani chama chenu kimewakataza kuongea na sisi. Nikasema huyu kaja shambani kunipeleleza."

Basi tukala ugali wa ulezi tukibishana. Barabara, kodi, nani mwongo zaidi. Hakuna aliyehama chama. Kuhusu mbolea kuchelewa, kila mmoja alilaumu upande wa mwenzake, ila tulikubaliana kwenda kuuliza pamoja, na tulienda.

Mpaka leo namchunguza kidogo. Naye ananichunguza, namwona.

Nilichojifunza: ukimshuku jirani, muulize yeye kabla hujaenda dukani. Na ninyi huko kwenu, mnashirikianaje na wa upande wa pili? Mwageni hapa, mnipinge mkitaka, matusi tu ndiyo hapana.

Ile kengele? Baba Deo alinijibu huku akichokonoa majani yangu kwa kijiti.

"Huyu ng'ombe ni mtoro. Nimemfunga kengele ili akipotea nimsikie."