Sahihi Iliyotangulia Amri

Imaculata Ngonyani alikuwa karani wa mahakama ndogo ya mwanzo, pembeni mwa mji wa Songea, kwa miaka kumi na tisa. Sisi majirani zake wa Lizaboni tulimjua kwa mambo mawili: mwandiko wake mzuri, na mdomo wake mzito. Kesi zote za ndoa za upande ule wa mji zilipita mezani kwake, nani kafukuzwa, nani anataka talaka, nani kamkana mtoto, lakini hukuwahi kusikia hata moja ikitoka kinywani mwake. Mumewe alifariki mapema, watoto hawakujaliwa. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi alikwenda Mpitimbi kumwona mama yake, na Jumatatu asubuhi alikuwa wa kwanza kufungua madirisha ya mahakama.

Mambo yalianza kuharibika hakimu wake, Amedeus, alipoongezewa vituo. Hakimu mmoja wa jirani alistaafu, na hakuletwa mwingine. Amedeus akabaki na mahakama tatu, mojawapo huko njia ya Madaba, na mgongo mbovu ambao barabara zile hazikuuhurumia. Alikuwa mtu mwema, na sijasikia anayesema vinginevyo. Kwa Imaculata akawa anafika Jumatatu na Alhamisi, halafu Alhamisi peke yake, halafu Alhamisi akijaliwa. Watu waliacha mashamba yao alfajiri, wakakaa kwenye benchi la barazani hadi mchana, wakaambiwa warudi wiki ijayo.

Alhamisi moja alimwita Imaculata ofisini, akafunga mlango.

"Dada Imaculata, hawa watu wa mashauri ya ndoa wananiumiza roho. Wengine wameshakubaliana, wanachotaka ni karatasi tu. Na wewe unaijua kazi hii kuliko mahakimu wengi ninaowafahamu."

"Ninayoijua mimi ni kazi ya kuandika, Mheshimiwa."

"Basi haya madogo nakukasimu. Kuahirisha, makubaliano, amri za muda zisizo na ubishi. Yenye ubishi niachie mimi."

Akatoa bahasha ya kaki kwenye mkoba. Ndani mlikuwa na karatasi hamsini za amri, tupu kabisa, kila moja ina sahihi yake chini.

Imaculata alizitazama bila kuzigusa. "Sheria inaruhusu?"

"Wasajili huko juu si wanafanya mambo kama haya kila siku?" alisema Amedeus. "Wanasaidia mahakimu, kazi inakwenda."

Hilo halikuwa jibu. Imaculata alilitambua palepale. Hata hivyo aliichukua bahasha, akaifungia kwenye droo, ufunguo akautia kwenye mfuko wa sweta.

Mwanzoni aliahirisha tu. Kisha akaandika makubaliano ya mke na mume waliogawana mashamba bila ugomvi. Kisha akaandika talaka ya watu waliotengana zamani, waliokuja pamoja na kuondoka pamoja. Benchi likawa tupu kabla ya saa sita. Wale wa kwanza waliomwita Mheshimiwa aliwasahihisha: "Mimi ni karani." Baada ya mwezi mmoja aliacha kusahihisha. Mama yake huko Mpitimbi aliwaambia wenzake wa jumuiya kwamba mwanawe sasa anaamua kesi. Ikaja hata barua kutoka juu, ikikisifu kituo chao kwa kumaliza mashauri haraka. Amedeus aliibandika ukutani. Imaculata alipita mbele ya barua ile kila asubuhi, na kila asubuhi alijisikia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, asijue ni kitu gani.

Tarehe kumi na moja Juni, siku ya Jumanne, kulikuwa na ukungu na baridi kali. Barazani walikuwapo watu kumi na mmoja. Aliingia Twaha, mnunuzi wa korosho kutoka Tunduru aliyehamia Songea na familia yake, akiwa na kaka yake Kassimu. Nyuma yao alitembea mke wa Twaha, Mwanahawa. Shauri lao la talaka lilikuwa limefunguliwa, bado kusikilizwa. Twaha alisalimia kwa adabu, akavua kofia, akaweka karatasi mezani. Iliandikwa kwamba mtoto wao Tabu, wa miaka sita, atakaa na baba yake hadi shauri liishe. Chini palikuwa na sahihi ya Twaha na alama ya dole gumba.

"Mwanahawa, hili dole ni lako?" Imaculata aliuliza.

"Ni langu."

"Umekubali mtoto akae na baba yake?"

Mwanahawa alikuwa akitazama viatu vya Kassimu.

"Amekubali, Mheshimiwa," alisema Kassimu. "Tulikaa kikao cha familia, alhamdulillahi tukaelewana. Ana haya tu."

"Namuuliza yeye."

Mwanahawa aliivuta khanga hadi kwenye paji la uso. "Wanavyosema ndivyo," alijibu.

Kalamu ya Imaculata ilisimama. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amemwona Amedeus akifika mahali kama hapa. Kila mara aliwatoa wanaume nje, akafunga mlango, akamuuliza mwanamke tena akiwa peke yake, kisha akanyamaza hata dakika tano akimngoja. Imaculata mwenyewe ndiye aliyekuwa akiyaandika majibu yale. Alijua ni mangapi yalianza kwa ndiyo na kuishia kwingine.

Alitazama dirishani. Watu kumi na mmoja, baridi, na mzee mmoja akikohoa. Akaandika: Kwa ridhaa ya pande zote mbili. Akagonga muhuri juu ya sahihi iliyokuwa ikingoja.

Kutoka dirishani alimwona Tabu, kavaa sweta ya shule, akipakizwa kwenye bodaboda katikati ya baba yake na dereva. Kassimu alipanda nyingine. Mtoto aligeuka kumtafuta mama yake. Mwanahawa alisimama barazani, mikono ndani ya khanga, wala hakumpungia.

Kesho yake Mwanahawa alirudi. Alikaa mwisho wa benchi tangu mlango ulipofunguliwa hadi ulipofungwa, hakumsemesha mtu. Keshokutwa yake ilikuwa Alhamisi. Amedeus hakufika, mgongo. Mwanahawa alikuwapo. Ijumaa alikuwapo. Jumatatu Imaculata alishindwa kuvumilia, akatoka nje.

"Mama, shauri lako limepangwa mwezi ujao."

"Najua."

"Sasa unangoja nini?"

"Namngoja hakimu."

"Lile la mtoto nilishaliandikia amri."

"Nimeambiwa wewe si hakimu," Mwanahawa alisema. Hakusema kwa hasira. "Simu ya Twaha haipatikani. Chumba alichokuwa amepanga kimeshaingia mtu mwingine. Kule Tunduru mama yangu anakaa kwenye nyumba ya ukoo wao, na waliniambia nisipoweka dole watamtoa mzee wa watu nje. Jirani yangu akanituliza. Akaniambia hakimu wa hapa huwa anawatoa wanaume, anakuuliza ukiwa peke yako. Nikaweka dole nikijua nitaulizwa."

Imaculata alirudi ndani. Alikaa kitini, akakuta hawezi kukumbuka jalada lililokuwa wazi mbele yake ni la nani.

Alhamisi Amedeus alifika, akasimuliwa. Jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa tarehe.

"Kumi na moja."

Uso wake ulipauka. "Siku hiyo nilikuwa njia ya Madaba. Nilisikiliza shauri la wizi kutwa nzima, na imeandikwa. Kwa hiyo siku moja nimekaa mahakama mbili."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Andika jalada upya. Weka tarehe kumi na tatu, Alhamisi. Nitasema nilifika. Mwandiko ni wako, muhuri ni huohuo. Nani atajua?"

"Na mtoto?"

"Mtoto tutamtafuta. Kwanza tujitoe humu."

Hawakupewa muda wa kutosha. Mwanahawa alikwishakwenda kwa wasaidizi wa kisheria, na Jumanne ikaja barua ya mahakama ya wilaya, ikilitaka jalada lile lifikishwe kabla ya mwisho wa Jumatatu inayofuata. Amedeus akawa anapiga simu asubuhi na jioni. "Umeshaandika?" Imaculata alijibu kwamba bado anaandika. Ukweli ni kwamba jalada jipya lilikaa mezani likiwa na jina la shauri tu, basi.

Siku zile tulimwona amebadilika. Alipita bila kutusalimia. Siku moja dukani alikutana uso kwa uso na Mwanahawa, aliyekuwa amepanga mtaa wa pili tu kutoka kwake. Imaculata aliacha chumvi aliyokuja kununua, akatoka. Jumapili alikwenda Mpitimbi ijapokuwa haikuwa Jumapili yake. Mama yake alimwekea ugali na likolo, mboga ya majani aliyoipenda, akangoja asimuliwe habari za kazini.

"Mbona huli, mwanangu? Kesi ni nyingi?"

"Nyingi, mama."

"Lakini unawatendea watu haki."

Imaculata alinawa mikono kama aliyekwisha kula, hali hajaonja chochote.

Jumatatu alilichukua jalada la zamani kama lilivyokuwa. Akachukua na bahasha ya kaki, ambayo ilibakiwa na karatasi tisa. Simu ilikuwa ikiita mfukoni. Hakuipokea. Alitembea kwa miguu hadi mahakama ya wilaya, akaingia kwa hakimu, mama mmoja mfupi mwenye miwani, akaviweka vitu vile viwili mezani.

Hakimu alisoma, akachambua karatasi tupu moja moja.

"Nani aliandika amri hii ya mtoto?"

"Mimi."

"Kwa maelekezo ya nani?"

"Hakimu wangu alinikasimu. Lakini siku ile yeye hakuwapo. Aliyemwona yule mama akisita ni mimi, na aliyeandika kwamba ameridhia ni mimi."

"Zipo nyingine?"

"Zipo arobaini. Pamoja na hiyo zinakuwa arobaini na moja."

Hakimu alivua miwani, akaiweka juu ya meza. Kisha akauliza polepole, "Mama, unaelewa? Madaraka ya kuamua si ya kumwazima mtu kama jembe. Aliyepewa na sheria ndiye huyohuyo wa kuyatumia. Hizi ulizoandika si amri. Hazikuwahi kuwa amri hata siku moja."

"Naelewa," alisema Imaculata. Na hapo ndipo, kwa maneno yake mwenyewe aliyoniambia, alipoelewa kweli.

Amri ya mtoto ilifutwa siku ileile. Polisi na ofisa ustawi wa jamii walikwenda Tunduru. Ilichukua wiki tano, kwa sababu kila nyumba waliyofika waliambiwa mtoto alikuwa hapo juzi. Walimkuta katika kijiji cha karibu na mto Ruvuma, kwa ndugu za Twaha. Nguo zake zilikuwa zimeshafungwa kwenye mfuko wa salfeti, na mtu wa mtumbwi alikuwa amekwisha kuzungumza na Kassimu. Kesho yake angekuwa Msumbiji.

Tabu alirudi Lizaboni amekonda. Hakulia. Mama yake alipomkumbatia alisimama wima, mikono ikining'inia, kama mtoto anayepimwa nguo. Kwa miezi mingi hakukubali kuvua viatu, hata akiwa ndani ya nyumba. Mwanahawa hakumlazimisha. Na yule mama yake wa Tunduru alitolewa kweli kwenye ile nyumba, akaja kuishi nao.

Amedeus alisimamishwa kazi, baadaye akaondolewa. Imaculata alifukuzwa. Hakukata rufaa. Tulidhani basi yameisha, tukamzoea akilima bustani yake ya mboga asubuhi. Lakini zile amri zilikuwa bado mikononi mwa watu, kila mtu kaihifadhi ya kwake, na mahakama ilikuwa ikiziita moja baada ya nyingine. Nyingi zilisikilizwa upya na kuthibitishwa. Nyingine hazikuwa rahisi.

Mwaka jana, mchana mmoja wa mwezi wa pili, nilikuwa kwake nachuma figiri alipoingia mwanamume wa makamo, kashika karatasi ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Naitwa Selestine, siku hizi naishi Madaba. Nimeelekezwa kwamba wewe ndiye uliyeandika hii." Aliitoa karatasi kwa uangalifu. Ilikuwa talaka. "Nilioa tena baada ya kuipata. Kanisani walikataa, tukafunga kwa mkuu wa wilaya. Mke wangu ni mjamzito. Sasa naambiwa hii si talaka, na yule wa kwanza amesikia, amerudi na vyombo vyake, amekaa sebuleni, hatoki. Mama, naomba uniambie. Mimi ni mume wa nani?"

Imaculata aliipokea karatasi. Nilimwona akiupitia kwa macho mwandiko wake mzuri, mstari kwa mstari, hadi kwenye sahihi.

"Sijui, baba," alisema. "Na si mimi wa kujua. Ngoja nivae viatu, twende mahakamani nikawaeleze kwamba niliandika mimi."

Walikwenda. Hilo ndilo alilobaki nalo, kufuatana na watu hadi kule na kuungama mbele yao. Shauri la Selestine halijaisha hadi ninapoandika haya, na mtoto amekwishazaliwa. Kwa hesabu ya Imaculata wamekuja kumi na saba. Wengine ama hawajasikia, ama wamesikia na hawataki kuamini. Geti lake likilia siku hizi haulizi nani. Anauacha ufagio, anasogea hatua mbili, anatazama kwanza mikono ya mgeni, aone kama imeshika karatasi.