Malori Elfu Sita Bila Jina la Nasifa

Saa mbili na nusu asubuhi, Ijumaa. Foleni ya malori upande wa Uganda wa mpaka wa Busia imeshakuwa ndefu, na Nasifa Twaibu ana simu mbili mkononi. Kwa ile ya laini ya Kenya anaongea. Ile ya laini ya Uganda anaitazama tu, kama anayesubiri majibu ya hospitali.

"Olupot, karatasi ya sukari tayari. Songa mbele, usilale!" anasema na kukata. Kisha anaigeukia simu ya pili. Kimya.

Nasifa, mwenye umri wa miaka 34, ni karani wa forodha katika kampuni binafsi. Lori likifika, yeye ndiye anayejaza hati kwenye kompyuta na kubishana na maofisa mpaka geti lifunguliwe. Leo saa kumi na moja jioni, kampuni moja ya usafirishaji mjini Tororo inafunga maombi ya kazi ya msimamizi wa hati. Kila mwombaji anatakiwa kutuma wasifu wake kutoka ule mtandao wa intaneti ambao watu wa ofisini hutafutia kazi.

Wasifu anao. Ndio unaomnyima usingizi tangu Jumanne.

Shida yake wanaijua makarani wengi wa hapa. Leseni ni ya bosi. Karani huingia kwenye mfumo kwa paswadi ya bosi, ingawa sheria hairuhusu, na kila hati hutoka na jina la bosi. Kwa miaka tisa Nasifa anakadiria amepitisha malori zaidi ya elfu sita. Jina lake halimo hata kwenye hati moja.

"Mwaka jana niliomba kazi mahali pawili," anasema. "Wote waliniuliza, ushahidi iko wapi? Ningesema nini?"

Kubaki alipo nako kunamtisha. Hulipwa kwa lori, na siku hizi wateja wengi wanajaza hati zao wenyewe. Wiki iliyopita alipata malori manne tu.

Aliyemshika mkono kuuandaa wasifu ni Goretti, rafiki yake wa meza ya jirani. Picha ya kwanza aliyoweka Nasifa ilikuwa ya kitambulisho. "Nikamwambia, wee, hapa unakaa kama mtu ameshikwa na polisi!" anasema Goretti huku akicheka. Wakapiga nyingine nje, malori yakionekana nyuma yake.

Pale Nasifa alipoandika "karani", Goretti alifuta. Akamwambia ataje anachofanya hasa: sukari, saruji, mahindi, mitambo, lugha tano, malori elfu sita. Mwisho wakaweka jina la kampuni ya bosi, maana mtandao ulikuwa unauliza alifanyia wapi kazi hiyo.

Jumanne mchana, chapati mkononi, Nasifa aliulizwa na mtandao kama awaalike watu walio kwenye simu yake. Aliipitia orodha haraka akitafuta neno "bosi". Hakuliona. Akabonyeza ndiyo, na mwaliko ukaenda kwa namba zote 412.

Loo! Alichosahau ni kwamba karani wa mpakani hahifadhi watu kwa majina. Huhifadhi gari, mzigo au shida. Simuni mwake kuna "Sukari Nyeupe 417", kuna "Saruji Mnene", kuna "Mahindi Molo". Bosi yumo pia. Kwa kuwa humpigia kila paswadi inapobadilishwa, alimhifadhi kama "Paswadi".

"Nilipokumbuka, chapati ilinishinda kumeza," anasema.

Foleni huwapa madereva muda mwingi wa kuchezea simu. Kufikia Alhamisi, tisa walikuwa wamejiunga na kumwandikia ushuhuda. Olupot, anayeendesha lori la sukari, aliandika: "Gari yangu ilikwama siku tatu. Huyu mama aliona kosa kwa dakika kumi. Miaka yote nilikuwa sijui anaitwa Nasifa." Among, mama anayeuza mahindi kutoka Molo, naye aliandika neno moja tu: "Mwaminifu."

Lakini bosi, aliyekuwa Kampala tangu Jumatatu, hakusema lolote. "Hiyo kimya ndiyo inaniua," anasema Nasifa. "Angenitukana tu nijue moja."

Saa nane mchana bosi anaingia, simu mkononi. Hasalimii.

"Umeandika malori elfu sita."

"Ndiyo, bosi."

"Kwa paswadi ya nani?"

Goretti anajifanya kutafuta kalamu chini ya meza.

"Wakaguzi wakisoma hii, leseni yangu inakwenda," anasema bosi, na sauti yake ina woga zaidi kuliko hasira. "Sikufukuzi. Lakini jina la kampuni yangu litoke, sasa hivi."

Nasifa analitoa. Kwenye wasifu panabaki mpaka wa Busia, miaka tisa, na nafasi ya mwajiri ikiwa tupu. Chini yake wako madereva tisa na mama wa mahindi.

Kwa zaidi ya saa mbili anabishana na nafsi yake kama atume au aache. Saa kumi na dakika arobaini anatuma, kisha anaifunika simu kifudifudi mezani. Watakaofaa wataitwa Jumatatu.

"Wakinichukua, siku ya kwanza naomba kitu kimoja," anasema. "Paswadi yangu mwenyewe."

Bosi, kabla ya kuondoka, ananiomba jina lake lisitokee gazetini. Nakubali. Kisha namweleza Nasifa kwamba la kwake nalo tunaweza kulificha, akihofia kibarua chake.

Anatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Hapana. Andika lote, Nasifa Twaibu," anasema, akinyoosha shingo kutazama daftari langu. "Hebu nione umeliandikaje."