Betri za Kuazima

Walisema mtoto wa mchunga ngamia hataweza kuifanya redio mbovu iseme kriketi. Leo nina diploma ya umeme, nimerudi mtaani kwetu Galbet na duka la kutengeneza redio ni langu mwenyewe. Lakini nikifungua redio kuukuu, harufu kali ya betri iliyovuja hunirudisha kwenye mkeka wa nyanya yangu, utotoni.

Ilikuwa siku ya mechi ya timu ya taifa. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiazima betri za tochi, nikiapa Kenya itashinda. Nikazianika juu ya bati, kama tulivyofanya sote, zipate nguvu tena. Redio ikakohoa, ikaongea. Majirani wakajaa, ubani ukafuka, sauti ya mtangazaji ikapanda na kushuka kama upepo. Wiketi zetu zikawa zinaanguka tu, wapigaji wetu wakitolewa mmoja baada ya mwingine.

"Hawa wanapiga mpira au wanafukuza nzi?" mzee mmoja akauliza.

Tulichapwa vibaya, na betri zikafa. Jirani yetu, niliyemwita eddo, yaani shangazi, alikuwa amenipa zake za mwisho.

"Wallahi, fisi akija kwa mbuzi zangu leo, nitammulika na kriketi yako!" eddo akanifokea.

Mwezi uliopita niliwarudishia wote betri mpya kabisa. Nilimaliza kwa eddo, ambaye siku hizi ana taa ya sola.

"Na Kenya yako, ilishinda?"

"Bado, eddo."

"Basi tuzianike," akasema, akazipanga juani taratibu.